Mtunza Waridi na Ndama wa Nosim

Nyuma ya nyumba ya Sylvesta Sulle, Karatu, pana shimo linalomfika mtu mzima kiunoni. Humo ndimo yanamoishia matawi yote anayoyapogoa kwenye mawaridi yake. Huyachoma, hufukia majivu, kisha huviringisha jiwe juu. Majirani wanaona ni uchoyo. Karatu hakuna anayetupa kitu kibichi. Mabua ya mahindi, majani ya maharage, magugu ya shambani, hata maganda ya viazi hupelekwa kwa mwenye mifugo, na kama wewe huna ng'ombe, jirani yako anaye. Lusia, wa nyumba ya pili, ana mbuzi wanaopenda waridi kuliko magadi.

"Shemeji, hata jani?" humwuliza akipita na kamba yake.

"Hata jani, Lusia."

"Basi nigawie harufu, niwapelekee hiyo."

Sylvesta hucheka kidogo na kuendelea kukata. Mawaridi yake ni mekundu na ya pinki. Meupe hana, ingawa kila Mei akina mama wa parokia humwomba meupe kwa ajili ya altare ya Bikira Maria, na kila Mei huwaelekeza kwa mtu mwingine. Mambo haya mawili, shimo na kukosekana kwa mawaridi meupe, yalianza mwaka 1981, alipokuwa mtunza bustani wa hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Bustani ile aliikuta. Mistari ya waridi ilikuwa imepandwa na mzungu mmoja aliyeleta vipandikizi kutoka shamba la kahawa la Oldeani. Ukingoni kuna baridi na ukungu karibu kila asubuhi. Waridi huchelewa kufunguka, na likishafunguka hukaa siku nyingi bila kunyauka. Kazi ya Sylvesta ilikuwa kuyalinda dhidi ya pongo na nyati waliokuwa wakiingia usiku kula chochote chenye jani, na kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka, kuchagua ya kupamba meza. Wafanyakazi wenzake walimwita Bwana Maua, na hakuwakataza.

Meneja, Josephati, aliyesomea kazi ya hoteli, alimfundisha namna wageni wanavyoyasoma maua. Jekundu liende meza ya maharusi waliotoka kuoana. La pinki kwa mgeni yeyote, ni kama kumshukuru kwa kuja. La njano kwa wanaoondoka. Jeupe lisiwekwe mezani, kwa kuwa wageni wengine wakiliona hukumbuka msiba.

Sylvesta aliyashika yote, isipokuwa hilo la mwisho. Alikuwa Mkatoliki, Mwiraqw wa Karatu, na tangu utotoni alikuwa ameona mawaridi meupe yakiwekwa miguuni pa sanamu ya Mama Maria. Kwake jeupe lilikuwa na maana moja tu: huyu hana doa. Hakubishana na meneja. Aliihamishia miche ya meupe mwisho wa bustani, karibu na uzio, akaitunza kuliko mingine.

Nje ya uzio huo ndipo walipokuwa wakichungwa ndama wa Nosim.

Nosim alikuwa mke wa Senteu, Mmaasai aliyekuwa na boma katika bonde la pili chini ya hoteli, upande wa njia ya Endulen. Mwanawe wa kwanza aliitwa Tobiko, na wafanyakazi wote walimwita Mama Tobiko. Kila asubuhi alipanda na kibuyu cha maziwa hadi kwenye nyumba za wafanyakazi. Wakati akiwapimia watu maziwa, ndama aliokuja nao walizagaa kando ya uzio.

Kati yake na Sylvesta kulikuwa na mapatano ambayo hakuna aliyekuwa ameyatamka. Mawaridi ya hoteli yalikua kwa samadi ya boma la Senteu. Sylvesta alishuka na kikapu kila alipohitaji, akachota, akapanda nayo. Naye kila alipopogoa alirusha matawi nje ya uzio ili ndama wale majani. Nyumbani kwao hivyo ndivyo mtu anavyolipa samadi. Ndama walimzoea kiasi kwamba walipoisikia mikasi yake walisogea wenyewe.

Mwaka ule wageni walikuwa wachache. Mpaka wa Kenya ulikuwa bado umefungwa, na bidhaa nyingi zilikuwa zimetoweka madukani, sabuni ikiwa ya kwanza. Mpishi alisugua masufuria kwa majivu. Hilo lingemhusu mpishi peke yake, isipokuwa Sylvesta alikuwa na desturi ya kupambana na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, kwa maji ya sabuni. Bila sabuni, vidukari walijaa kwenye machipukizi ya mistari yote, majani machanga yakaanza kujikunja. Akamwendea binamu yake Inosenti, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa, naye akampa chupa ya dawa ya kahawa.

"Hii si sabuni," Inosenti alimwambia. "Ukishanyunyiza, kaa mbali na majani hayo mpaka mvua iyaoshe."

Alinyunyiza. Vidukari walikufa. Mvua haikunyesha. Wiki hiyo hiyo Josephati alitangaza kwamba kuna wageni wa serikali wanakuja kutoka Arusha, bustani ipendeze. Sylvesta akachukua mikasi akapogoa mstari mzima wa mekundu, na mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya. Matawi yakaruka uzio. Ndama wakasogea.

Aliikumbuka dawa akiwa jikoni, kikombe cha chai mkononi. Aliweka kikombe, akakimbia hadi kwenye uzio. Chini palikuwa na vijiti vyenye miiba, vimekwanyuliwa majani. Nosim na ndama wake walikuwa wameshageuka njia ya bondeni. Aliuona mgongo wake wenye shuka jekundu kati ya miti. Angepaza sauti, angesikika. Akajiambia huenda ukungu wa usiku umeshaiosha dawa. Akajiambia huenda wamekula kidogo. Akarudi jikoni, akaikuta chai bado ina moto.

Ndama mmoja alikufa kabla ya alfajiri, na ndiye aliyekuwa wa ng'ombe wa maziwa.

Habari iliingia jikoni kupitia kwa Moloimet, askari wa hoteli, ambaye alikuwa wa ukoo mmoja na Senteu. Alieleza kwa utulivu, akipasha mikono yake motoni. Ndama alitokwa na mate, akatetemeka, akalala. Ng'ombe sasa hatoi maziwa. Ng'ombe wa Kimaasai hashushi maziwa bila kumwona ndama wake.

"Na Senteu anasemaje?" aliuliza mpishi.

"Anasema ndama ni kazi ya mwanamke. Mwanamke akipiga soga huko juu na watu wa hoteli, ndama anakula mti wa sumu."

Sylvesta alikuwa amekaa kwenye benchi la jikoni. Akamaliza chai yake.

Siku chache baadaye samadi ilimwishia, au alijiambia imemwishia, akashuka bomani na kikapu. Nosim alikuwa anakamua. Mbele ya ng'ombe alikuwa ametandaza ngozi ya ndama aliyekufa, amenyunyiza chumvi juu yake. Ng'ombe alinusa ngozi, akailamba, akanusa tena, na katika kulamba kule maziwa yakashuka machache. Nosim alikamua upesi kabla ng'ombe hajagundua. Tobiko, aliyekuwa hajafikisha miaka mitatu, alisimama kando na kikombe chake cha bati, anangoja.

Nosim aliinua uso, akamwona mtunza bustani mlangoni.

Sylvesta akauliza kama samadi ya upande wa juu imekauka.

"Imekauka," Nosim alisema. "Chota."

Kesho yake Sylvesta alianza kumpa waridi. Alikata jeupe, lile bora kuliko yote, akaliosha kwa maji mengi, akaling'oa miiba kwa kisu, na Nosim alipofika kwenye nyumba za wafanyakazi na kibuyu kisichofika nusu, akampa.

"Hiki kinaliwa?" Nosim aliuliza.

"Hakiliwi."

"Kinafanya nini?"

"Kinakaa tu, Mama Tobiko."

"Kama mume wangu," alisema Nosim, na wanawake waliokuja kununua maziwa wakacheka. Akalichomeka ua kwenye tundu la sikio lake, likakaa humo kama lilikuwa limetengenezewa, akaendelea kupima.

Kicheko kile kilimwumiza Sylvesta kuliko ambavyo matusi yangemwumiza. Kichwani mwake alikuwa amemwambia mwanamke yule kwamba hana kosa. Alikuwa amelisema kwa ua, kwa lugha ya kanisa la Karatu, kwa mtu asiyejua kanisa lile, na bila kulisema alikuwa amejipatia nafuu ya mtu aliyesema. Akampa jingine kesho yake. Na jingine. Nosim alizoea, na mara nyingine alimpelekea Tobiko, naye akayachana petali na kuzitafuna.

Halafu usiku mmoja pongo waliruka uzio wakala meupe yote yaliyofunguka. Asubuhi Sylvesta alisimama mbele ya vijiti vitupu akijua Nosim yuko njiani. Angeweza kuacha kumpa ua siku hiyo. Lakini mkono mtupu ulimtisha. Aliona kama utamfanya aulizwe, na akiulizwa atajibu. Kwenye mstari wa mekundu palikuwa na moja limefunguka. Akalikata.

Clemensi alikuwa mlangoni mwa jiko. Clemensi ndiye aliyeandika meza, na kwa miaka mingi ndiye aliyepokea mawaridi ya Sylvesta na kuyaweka mbele ya wageni.

"Bwana Maua," alisema, "juzi jeupe, jana jeupe, leo jekundu. Kesho tushone suti?"

"Acha utoto, Clemensi."

"Utoto? Mimi ndiye ninayewawekea maharusi meza. Jekundu nalijua kazi yake." Akamgeukia Nosim. "Mama Tobiko, huyu amekuchumbia kwa Kizungu. Usikubali mpaka alete ng'ombe."

Watu walicheka, na Nosim akacheka pia, kwa kuwa yalikuwa mambo ya jikoni. Lakini wanawake walioshuka bondeni siku ile walibeba pamoja na vibuyu vyao maneno yale, na maneno yalipofika kwa Senteu hayakuwa tena na kicheko ndani yake. Senteu alikuwa ameona maua masikioni mwa mke wake kwa muda, akadhani ni michezo ya watoto. Sasa aliambiwa yana maana, na kwamba watu wote wa hoteli wanaijua.

Nosim hakuja na maziwa kesho yake, wala siku iliyofuata. Jioni Moloimet alimfuata Sylvesta kwenye kibanda cha zana.

"Mbulu," alisema, jina alilomwita siku zote kwa kuwa ni Mwiraqw, lakini safari hii bila utani. "Senteu anauliza maua yale yana maana gani."

"Hayana maana hiyo."

"Yana ipi?"

Sylvesta alikuwa akifuta mikasi kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta.

"Amempeleka Nosim kwa baba yake Endulen," Moloimet aliendelea. "Tobiko amebaki bomani, analia. Senteu anasema mwanamke atarudi yeye akishajulishwa kama alikuwa na mume mmoja au wawili. Kwa hiyo nakuuliza tena."

"Niachie mpaka niende nyumbani nirudi."

"Unakwenda kuuliza mke wako maua yana maana gani?"

"Ndiyo," alisema Sylvesta, na haukuwa mzaha.

Mke wake, Germana, alikuwa akichambua maharage alipofika Karatu. Alimsikiliza hadi mwisho, kuanzia chupa ya Inosenti hadi ua jekundu, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Sasa niambie kama nimeelewa," alisema. "Umeua ndama wa mtu, ukampa maua."

"Meupe."

"Kwetu ukiua ndama wa mtu unapeleka nini?"

"Ndama."

"Na mdomo. Unapeleka ndama na mdomo." Akatikisa ungo, mawe yakakusanyika upande mmoja. "Mwanamke mwenzangu amefukuzwa kwa mtoto wake kwa sababu wewe uliona haya. Nenda kabla sijaona haya mimi."

Alirudi kwa gari la kwanza lililopandisha. Asubuhi alikata mawaridi meupe machache yaliyofunguka kwenye matawi ya chini yaliyosazwa na pongo, akayafunga kwa ukindu, akaenda kumwita Moloimet. Moloimet aliyatazama kwa muda.

"Hayo tena?"

"Meupe ni ya kuonyesha kwamba yeye hana..."

"Weka chini."

Sylvesta akaweka. Moloimet akainama kwenye bustani ya hoteli, mahali ambapo Sylvesta mwenyewe alikuwa akifyeka na kumwagilia, akang'oa konzi ya nyasi, akamkabidhi.

"Mtu wa kwetu akiwa na kosa hushika nyasi," alisema. "Ng'ombe anaishi kwa nyasi, na sisi tunaishi kwa ng'ombe. Ukinyooshewa nyasi huwezi kuendelea na ugomvi. Maua yako yanamlisha nani?"

Walimkuta Senteu amekaa nje ya boma na wazee wawili. Sylvesta alibaki amesimama. Alinyoosha mkono wenye nyasi, na kwa Kiswahili chake cha shule akaeleza yote: vidukari, dawa, matawi, uzio, chai. Moloimet aliwatafsiria wazee kwa Kimaa. Ilipofika kwenye chai, Moloimet alisita, akamtazama, kisha akatafsiri na hiyo.

Senteu alizitazama nyasi.

"Kwa hiyo hukumtaka mke wangu," alisema.

"Hapana, mzee."

"Umeniulia ndama tu."

"Ndiyo, mzee."

"Afadhali," alisema Senteu, na wazee wakakohoa kwa namna ambayo huenda ilikuwa kicheko. Akanyoosha mkono, akazichukua nyasi. Ikakubaliwa Sylvesta alete mtamba. Ikakubaliwa kuwa mwanamke arudi. Senteu hakusema kwamba alikosea kumpeleka, na hakuna aliyemwuliza. Njiani wakipanda, Moloimet alimpiga Sylvesta begani, akamwambia yamekwisha. Nyasi zikipokelewa, hakuna anayeruhusiwa kuyafufua.

Germana alitoa mtamba wao wenyewe, waliyekuwa wakimtegemea, akawa wa Senteu. Nosim alirudi kutoka Endulen. Sylvesta alingoja aje na maziwa, hakuja, kisha akachukua kikapu na konzi ya nyasi akashuka.

Alikuwa anakamua. Ngozi ilikuwa bado imetandazwa, imekauka sasa na kujikunja pembeni, na ng'ombe aliilamba kwa mazoea. Sylvesta alisimama mlangoni pale pale alipokuwa amesimama mara ile. Alinyoosha nyasi.

"Hizo si umeshampa mwenye boma?" alisema Nosim bila kugeuka.

"Nimempa. Hizi ni zako."

"Ulipokuja kuomba, mimi nilikuwa wapi?"

"Endulen."

"Nani aliyenipeleka Endulen?"

Sylvesta aliitazama ngozi.

"Mara ile ya kwanza nilikuwa nimekaa hapa," Nosim alisema, "na ngozi hii hapa, na wewe uliposimama ni hapo. Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaniambia nini?"

"Nilikuuliza kama samadi imekauka."

Nosim alimaliza kukamua. Akasimama, akafunika kibuyu. Aliutazama mkono ulionyooshwa na nyasi za bustani ya hoteli, za kijani kuliko chochote kilichokuwa bondeni msimu ule. Mikono yake haikusogea. Alimshika ng'ombe pembe, akamgeuza polepole hadi akamkabili Sylvesta, naye ng'ombe akanyoosha ulimi, akazichukua nyasi zote mkononi mwake, akatafuna. Nosim alipita na kibuyu chake akaingia ndani.

Alirudi kuuza maziwa kwenye nyumba za wafanyakazi, mtamba wa Germana alipozaa. Alimpimia Sylvesta kikombe chake sawa na cha wengine, wala pungufu wala zaidi, na alimjibu salamu. Sylvesta aliacha kazi ya hoteli mwaka 1986, akachukua vipandikizi vya mekundu na vya pinki. Meupe aliyaacha kwenye uzio.

Kabla ya kuondoka alimwuliza Moloimet jambo ambalo alikuwa akilizungusha kichwani miaka yote ile: nyasi zikinyooshewa mtu, zikachukuliwa na ng'ombe wake, je, zimepokelewa? Moloimet alifikiri kwa uzito, kwa kuwa ni mtu aliyeyajua mambo ya kwao, na alikuwa ameona nyasi nyingi zikipokelewa.

"Sijui," alisema. "Hilo sijawahi kuliona."